Mpwa anataka kusoma sheria: tuuze shamba la mikorosho au aangalie kozi nyingine?

MjombaWaTandahimba

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa wanaolijua jambo hili kwa undani, si ule wa "mwacheni mtoto afuate ndoto yake".

Mpwa wangu wa kike amemaliza form six, HKL: Kiswahili B, Historia C, Kiingereza D. Anataka sheria na hasikii kingine. Baba yake ni marehemu, mama ni mkulima, kwa hiyo wajomba ndio tunaokaa kikao. Limeletwa pendekezo tuuze shamba moja la mikorosho ili asome bila kusumbuliwa na ada.

Nataka kujua mambo matatu. Mpaka binti aitwe wakili ni miaka mingapi na pesa inaingia wapi? Mkopo unabeba kiasi gani? Na akimaliza, huku kwetu Mtwara na Lindi kazi ipo au atabaki Dar akizunguka na bahasha?

---

Shangani_Mashariki

Shikamoo mjomba. Vikao vingi vya ukoo vinahesabu miaka ya chuo kikuu peke yake, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Shahada ya sheria kwa vyuo vingi ni miaka minne, vingine mitatu. Muda wa kila programu umeandikwa kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), usikubali kuambiwa kwa mdomo. Akitoka hapo ana shahada, lakini hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu wala kugonga mhuri wa wakili.

Lango linalofuata ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo kila mtu anaiita Law School. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ikaanza kupokea wanafunzi 2008, na iko Dar es Salaam. Mafunzo ni mwaka mmoja, sehemu darasani na sehemu kwa vitendo mahakamani au kwenye ofisi za mawakili. Akifaulu anapeleka maombi ya kukubaliwa kuwa wakili, anafanyiwa usaili na Baraza la Elimu ya Sheria, kisha anaapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Katikati ya hatua hizi kuna kusubiri: matokeo ya chuo yathibitishwe, dirisha la Law School lifunguliwe, matokeo yatoke, usaili upangwe, tarehe ya kuapishwa itangazwe. Kwa shahada ya miaka minne, ukimaliza yote ndani ya miaka sita umebahatika. Miezi ya kusubiri ndiyo hatari zaidi kwa mfuko, maana mkopo umekwisha na mshahara haujaanza, lakini binti anakula kila siku.

Sasa kuhusu kufaulu. Oktoba 2022 yalitoka matokeo yaliyotikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walipata sapu, yaani mitihani ya marudio, na 265 wakadisko, yaani wakaondolewa masomoni. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Usichukue kundi lile kama kipimo cha kila mwaka, lakini usipange bajeti kana kwamba halikuwahi kutokea. Sapu moja ni miezi kadhaa zaidi ya kodi ya chumba na chakula.

Wengi hawaangushwi na kutojua sheria. Wanaangushwa na kuandika. Chuo kikuu unaulizwa ueleze, na ukieleza kurasa nne unapata alama. Law School unapewa jalada la mteja unaambiwa tengeneza hati ya madai. Ukisahau kutaja thamani ya shauri, mahakama haijui kama ina mamlaka nalo. Ukisahau kipengele cha uthibitisho mwishoni, hati ina kasoro. Kwenye kiapo, usipoonyesha mahali na tarehe kilipoapwa, hicho si kiapo. Haya hayakaririwi usiku wa kuamkia mtihani, yanataka mkono uliozoea.

Halafu Kiingereza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, lakini darasani na kwenye vitabu vya hukumu bado ni Kiingereza. D ya form six haimzuii kuingia chuo. Pointi zake mbili za juu ni B na C, yaani 4 na 3, jumla 7, na kima cha chini cha TCU ni 4.0. Ila hiyo D itamfuata mpaka Law School asipoishughulikia mapema. Kuanzia mwaka wa kwanza asome hukumu moja kila wiki, aandike ufupisho wa ukurasa mmoja kwa Kiingereza: ukweli wa kesi, hoja, uamuzi, sababu. Hakuna ada hapo.

---

Hesabu_Kwanza

Nimuunge mkono aliyetangulia, mimi nibaki kwenye namba. Nitatumia makadirio, weka yako halisi ukishapata barua ya udahili.

Gharama kubwa kuliko ada ni kuishi. Chukua mwaka wa Law School peke yake. Chumba cha kawaida Sinza au Ubungo tuseme 100,000 kwa mwezi, na wenye nyumba wengi wa Dar wanataka miezi sita kwa mkupuo: 600,000 siku ya kwanza, kabla hajanunua hata godoro. Chakula 10,000 kwa siku ni 3,650,000 kwa mwaka. Kodi ya mwaka 1,200,000. Hapo tayari ni 4,850,000, bado nauli, ada, uchapaji wa makabrasha na suti nyeusi. Uchapaji watu wanaudharau, lakini kwenye sheria kila kazi ni karatasi.

Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu): kwa shahada ya kwanza, bumu la chakula na malazi limekuwa 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, yaani miezi miwili ni kama 600,000. Ada inalipwa kwa asilimia kulingana na uhitaji uliopimwa, si lazima yote. Na sheria haiko kwenye kundi la kipaumbele cha kwanza kama udaktari, uhandisi na ualimu wa sayansi. Imewekwa na kozi za biashara na sayansi za jamii. Kwa hiyo karatasi za kuthibitisha uhitaji zina uzito kuliko kwa mtoto anayeenda udaktari. Kwa Law School, Bodi ina mwongozo wake wa mkopo wa peke yake. Anaomba upya, haurithiwi kutoka kwenye mkopo wa shahada.

Kurejesha: mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuseme deni ni 15,000,000 na mshahara wa msingi 900,000. Makato ni 135,000 kwa mwezi, deni linaisha baada ya miezi 111 hivi, miaka tisa na ushee. Nafuu ni kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha na faini ya asilimia 10 ya kuchelewa viliondolewa mwaka 2021, deni halivimbi tena kama zamani. Aliyejiajiri, na wakili mpya wa Lindi au Masasi huwa hapa, anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake au 100,000 kwa mwezi, ile iliyo kubwa. Hiyo 100,000 haisubiri wateja wapatikane.

Kuhusu shamba: msiuze. Si kwa sababu ya mapenzi na mikorosho, ni kalenda. Shamba lililouzwa linatoa pesa mara moja, na pesa ya mkupuo kwenye nyumba yenye misiba na harusi haifiki mwaka wa tatu. Mikorosho inayozaa inaleta pesa kila msimu, na minada huanza Oktoba, majira yale yale vyuo vinapofunguliwa. Tatizo ni wiki chache za katikati: chuo kinataka awamu ya kwanza kabla AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) haijaingiza malipo kwenye akaunti. Pengo hilo lizibwe na ufuta au mbaazi, vinavyouzwa mapema. Msizibe kwa kangomba. Mtu anayekuletea pesa Julai ili uje umpe korosho Oktoba kwa bei yake amekula ada ya muhula wa pili.

Na msikate pesa ya kupuliza dawa ili kulipa ada. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, ukishika maua mwezi wa saba, msimu mzima umekwenda, na ada ya mwaka unaofuata nayo imekwenda.

---

Bi_Nangurukuru

Mjomba, nami nitoe upande wa pili, maana naona wote wanasema asome, wanabishana njia tu.

Shahada ya sheria bila Law School ni kiti cha miguu mitatu. Tazama matangazo ya ajira Serikalini: Hakimu Mkazi, Wakili wa Serikali, Afisa Sheria. Wanataka shahada na uthibitisho wa kumaliza mafunzo ya vitendo. Kama ukoo una uhakika wa miaka minne lakini hauna uhakika wa ule mwaka wa Dar, mnamjengea binti nyumba mpaka usawa wa lenta halafu mnaacha bati. Anaishia kuandika mikataba ya pango chini ya mwembe kwa elfu tano, siku moja anaitwa wakili kishoka, na hilo ni kosa la jinai.

Njia ya chini ipo. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kinatoa astashahada na stashahada ya sheria. Stashahada ni miaka miwili, na akifikisha GPA ya 3.0 mlango wa shahada unafunguka. Faida yake si bei peke yake. Anajifunza uendeshaji wa mahakama tangu mwanzo, jalada linavyofunguliwa, hati ya wito inavyoandikwa, kumbukumbu zinavyotunzwa, na akifika Law School mkono wake umeshazoea karatasi. Akiona sheria si yake, amepoteza miaka miwili, si sita. Hasara yake ni muda: kwa anayekuja kufika mwisho, safari inarefuka.

Msidanganywe na neno msaidizi wa kisheria. Ni kazi ya heshima, imetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, lakini huduma ile ni bure kwa mwananchi. Haiwezi kuwa mpango wa kipato.

---

Shangani_Mashariki

Bi Nangurukuru kasema kweli kuhusu lenta, ingawa kwa binti mwenye pointi 7 sioni sababu ya kumrudisha stashahada. Njia ile inamfaa zaidi ambaye hakupata principal mbili (ufaulu wa A hadi E).

Swali la tatu la mjomba halijajibiwa: kazi huku Kusini. Ipo, ila haina sura ya kazi ya Dar. Mahakama Kuu ina kanda yake Mtwara, Mahakama ya Rufani huja kufanya vikao, kuna mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa migogoro ya kazi. Ardhi na mirathi ndiyo mkate wa kila siku. Tangu mwaka 2021 mabaraza ya kata yamebaki na usuluhishi tu, hayaamui tena kesi za ardhi, kwa hiyo usuluhishi ukishindikana mgogoro unapanda baraza la wilaya na watu wanahitaji mtu wa kuwaandikia maombi.

Mirathi ya huku ina ugumu wake. Marehemu anaweza kuwa Mwislamu, kwenye ukoo unaofuata upande wa mama, na mikorosho iliyopandwa kwenye ardhi ya mjomba. Swali la kwanza mahakamani ni sheria ipi itumike, na jibu linaamua nani anabaki na shamba. Wakili anayeelewa mila za Kimakonde, Kimakua na Kimwera ana kitu ambacho wa Dar atalazimika kuuliza. Mpwa wako anaanza na mtaji huo.

Kazi nyingine: mikataba ya AMCOS na wasafirishaji, fidia za ardhi kwenye miradi, madai ya wafanyakazi wa viwanda na bandari, dhamana za benki. Hizo za benki hazipatikani mwaka wa kwanza; benki ina orodha yake ya mawakili na wanaangalia umri wa ofisi. Kesi za mauaji za kupangiwa na Mahakama Kuu zinakupa uzoefu, malipo yake usiyategemee kwa kodi ya ofisi. Mfumo wa mtandao wa kusajili mashauri umepunguza safari, mtu wa Newala anafungua shauri bila kupanda gari kwenda Mtwara mjini, alimradi ana kompyuta, skana na intaneti isiyokatika.

Kinachoua ofisi changa huku ni msimu. Mteja anakuja Machi na shida, anasema "nitakulipa korosho zikiuzwa", na anasema kweli. Kodi ya ofisi haimsubiri. Wakili mpya asiyejua hili anakubali kazi kumi za ahadi, Julai hana hata pesa ya karatasi. Dawa ni malipo ya kwanza kabla ya kufungua jalada, hata yawe madogo, na makubaliano ya maandishi ya kiasi kinachobaki.

Kila mwaka pia ana ada ya cheti cha uwakili, ada ya Chama cha Mawakili Tanganyika, na semina za kupata alama za elimu endelevu. Cheti kinaisha Desemba 31. Akisahau kuhuisha, hati anazosaini zinaweza kutupwa mahakamani, na mteja anayeumia ni jirani yake. Kugonga mhuri wa viapo na uthibitisho wa hati kuna cheti chake pia, asidhani kinakuja bure na uwakili.

Akiapishwa, asikimbilie kufungua ofisi. Miaka miwili chini ya wakili mwenye wateja, hata kwa malipo kiduchu, inamfundisha jinsi ya kutoza, jambo ambalo hakuna darasa linalolifundisha vizuri.

---

MjombaWaTandahimba

Nimesoma yote, asanteni sana. Hoja ya ubwiriunga imenigusa, kaka mkubwa ndiye aliyesema salfa ya kupulizia mikorosho mwaka huu tupunguze. Maswali mawili ya mwisho. Binti anasema lengo lake ni uhakimu, si kufungua ofisi. Hiyo inabadilisha hesabu? Pili, Chuo Kikuu Huria kina kituo Mtwara mjini. Kwa nini asisome hapo akaishi kwa mama yake mdogo?

---

Hesabu_Kwanza

Uhakimu hauondoi Law School, hilo limeshasemwa. Unachobadilisha ni upande wa mwisho tu: anakatwa asilimia 15 kwenye mshahara badala ya kuhangaika na ile 100,000, na hahitaji mtaji wa ofisi. Lakini nafasi zinatangazwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama kwa wakati wake na waombaji ni wengi, kwa hiyo msiweke mpango unaotegemea tangazo moja. Awe na uwakili kama mguu wa pili. Pia hakimu hupangiwa kituo, asitegemee Tandahimba.

Chuo Huria ni hesabu nzuri kwa mtu mwenye nidhamu ya kujisomea. Anafuta kodi na sehemu kubwa ya chakula kwa miaka yote ya shahada, na hiyo peke yake inaweza kulipia mwaka wa Dar. Wanaokwama ni wale wanaosukuma masomo mbele muhula kwa muhula mpaka shahada inakuwa ya miaka saba, na hapo akiba yote ya kodi imeliwa na muda. Akiwa nyumbani mtoto wa kike hutumwa, sokoni, shambani, kuuguza. Kama mama mdogo atakubali saa nne za kusoma kila siku ziheshimiwe kama zamu ya kazi, ni njia nafuu. Kama sivyo, mpelekeni chuo cha kukaa bwenini.

---

Bi_Nangurukuru

Tena kwa Chuo Huria hakuna mazingira ya mahakama ya kuigiza kila wiki, ajitafutie. Mahakama ni ya wazi. Aende Mahakama ya Wilaya siku za kusikiliza kesi, akae nyuma na daftari, aandike hakimu alivyokataa kielelezo na kwa sababu gani.

Mjomba, kabla ya chochote, shughulikieni karatasi za mkopo sasa hivi, dirisha likifunguliwa huwa kuna foleni. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) kupitia mtandao. Cheti cha kifo cha baba nacho kihakikiwe, maana bila hicho anahesabiwa ana wazazi wawili. Kama kaya iko TASAF (mfuko wa kusaidia kaya maskini), namba ya kaya iingizwe kwenye maombi. Fomu inapitia serikali ya kijiji na kamishna wa viapo. Ukurasa mmoja usio na saini unaweza kuangusha maombi yote. Na linganisha majina herufi kwa herufi kati ya cheti cha kuzaliwa na cheti cha form four.

---

MjombaWaTandahimba

Dada, hapo kwenye majina umenishtua. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu katikati, form four ameandikwa jina la baba. Na cha kifo cha baba hatujawahi kukitafuta.

---

Bi_Nangurukuru

Basi anzeni na cha kifo. Nendeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ndipo usajili wa RITA unapofanyika, mkiwa na barua ya mtendaji wa kijiji na kibali cha mazishi au barua ya hospitali kama ipo. Kwa kuwa usajili umechelewa, tarajieni maswali ya ziada na siku za kusubiri. Suala la jina ni hati ya kubadili jina inayotengenezwa na wakili na kusajiliwa. Kiapo cha kawaida cha mahakama ya mwanzo mara nyingi hurudishwa. Cheti cha form four msikiguse, ndicho TCU na Bodi wanachosoma. Hati iseme kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja na jina atakalotumia ni lile la form four.